Hajisikii Vizuri Kidogo Tu

Mzee aliuliza swali, ukuta ukakosa jibu, na swali likaletwa kwangu.

Lilifika na taa nyekundu juu ya skrini, nami nikakirudisha kipande cha muhogo kwenye sahani. Taa nyekundu maana yake ni shauri, na mashauri ni machache. Siku nyingi tunapata sentensi tupu za Kiingereza, zisizo na mwenyewe. Moja inaingia hedifoni, unaisikiliza, unabonyeza kijani ipite au njano irudi, kisha inaingia nyingine. Kila moja ina matundu matatu. Mashine inayaita kiwakilishi, kitenzi na kielezi. Sisi tunasema nani, kafanya nini, na vipi. Yeye, anakuja, karibuni. Wao, wanakukumbuka, sana. Mashine inajua kuyajaza hayo matundu upesi kuliko kupepesa jicho, ila haijui ni ipi itamvunja moyo mtu aliye peke yake chumbani. Kazi hiyo ni ya Sikio.

Sikio ni mimi. Tuko saba katika ghala la zamani la kahawa hapa Usangi, kila mmoja na kibanda chake cha mbao. Watu huuliza kwa nini kampuni ya nchi ya baridi ilikuja kutafuta masikio huku milimani, kwa vikongwe vyenye Kiingereza cha shule ya msingi. Walitupima, ndiyo sababu. Mwenye lugha haisikii tena. Sentensi za kila siku zinampita kama upepo. Sisi tunaisikia kila moja, neno kwa neno, kwa sababu kila neno tulilihangaikia. Na sheria yao inataka sikio la mtu. Mashine za kwanza hazikuwa na masikio, nazo ziliwatuliza wazee wa jengo moja kwa maneno matamu mpaka maji ya mafuriko yakawafika kiunoni.

Basi nikavaa hedifoni vizuri. Shauri huja na mazungumzo yote tangu mwanzo wake, ili uamue ukiwa unajua.

"Daktari wa macho amepiga simu tena," ilisema sauti ya mzee. Jina lake lilikuwa limeandikwa pembeni, Bwana Hallam. "Nimemwambia asubiri. Judith aliahidi kunishika mkono siku ya kupasuliwa. Anaendeleaje leo?"

"Hajisikii vizuri kidogo tu," ukuta ukajibu. Ukuta huo wenye spika wao wanauita Mwenzi, na una sauti kama maziwa ya moto. *She is only slightly unwell.*

"Ulisema hivyo kabla ya theluji."

"Hajisikii vizuri kidogo tu. Hakika atakuja karibuni."

Mzee akavuta pumzi. "Jicho la kushoto limekwisha. Kwa hili la kulia naliona dirisha, lakini kilicho nje siwezi kukiona. Maud wa chini, yule anayeniletea supu, jana ameniuliza mbona soksi zangu ni za rangi mbili. Tulicheka sana. Alikwenda akanitafutia ya pili, akanivalisha mwenyewe." Akashusha sauti. "Mwenzi, sasa niambie kweli. Binti yangu anaumwa nini?"

Hapo ndipo ukuta ulipokwama. Chini ya skrini, kwa herufi ndogo ambazo Sikio huonyeshwa wakati wa shauri tu, paliandikwa: *Judith, binti. Amefariki.*

Nikavua hedifoni. Nikaiweka mezani polepole, maana niliiona mikono yangu ikitaka kuitupa.

*

Msimamizi wetu ni Tumsifu, kijana wa kule Kighare, mjukuu wa fundi bati. Ni mtu mwema. Asubuhi za ukungu huzishika hedifoni zetu viganjani mpaka zipate joto, asije akatuvalisha vitu baridi masikioni. Nilipomwita alikuja mbio, kalamu bado iko mdomoni.

"Mama, kuna nini?"

"Soma hapa."

Akasoma. Akaitoa kalamu mdomoni.

"Hii sentensi nani aliipitisha?" nikamuuliza.

Akagusa skrini. Zikaonekana taa saba ndogo, zote kijani. "Nyinyi. Wote. Wakati wa masika. Hakuna hata mmoja aliyesita."

Kutoka kibanda cha pili Eliapenda akachungulia. Eliapenda ana mdomo, na masikio yake husikia hata asiyoitiwa. "Sentensi gani hiyo?"

"Hajisikii vizuri kidogo tu."

"Aa, hiyo. Niliipitisha mimi, na nikaiambia karibu tena. Sentensi nzuri, ina adabu. Kwani ulitaka wamwambieje mtu, pu, kama gunia limeanguka?"

Hapo nikaelewa tulichokifanya. Kwetu mtu akifa, hakuna anayempigia mwenzake simu na kumwambia amekufa. Unasema, fulani hajisikii vizuri kidogo, hebu njoo nyumbani. Au unanyamaza, unakwenda. Mume wangu, Baba Niitael, alipofariki Tanga, shemeji yangu alifika kwangu asubuhi, akapasua kuni zangu zote bila kuulizwa. Nikamuuliza habari za mgonjwa. Akasema, yuko hivyohivyo, shemeji, hebu tule kwanza. Akaingia jirani, akaingia na mwingine, mmoja akainjika makande, mwingine akanifunga kanga kiunoni kama mtoto. Nilikula. Nilipomaliza kula na kunawa, nyumba imejaa, ndipo mzee mmoja akaniambia. Nilianguka, na hapakuwa na mahali pa kuangukia ila mikononi mwa watu.

Kwa hiyo ile sentensi ilipoingia masikioni mwetu, sote saba tulisikia miguu. Tulisikia watu wako njiani. Ikapata taa saba za kijani, nayo mashine ikajifunza kwamba hivyo ndivyo binadamu humtunza aliyefiwa. Kumbe kule hakuna aliyekuwa njiani. Ukuta hauna miguu.

"Inatumika kwa mzee huyu tu?" nikamuuliza Tumsifu.

"Mama, sentensi ikipita, imepita. Inatumika popote inapofaa."

"Popote palipo na maiti."

"Mama, tafadhali."

"Sema basi. Nikibonyeza kijani?"

"Mwenzi ataendelea kusema vilevile. Pia atapewa ugonjwa mdogo wa kumtajia mzee. Mafua labda."

"Na macho yake?"

Akasoma pale daktari alipoandika. Jicho la kulia lisipopasuliwa mwezi huu, halitafaa kupasuliwa tena.

"Nikibonyeza njano?"

"Sentensi inasimama, na sio kwa huyu peke yake, kote. Kila mtu akiuliza, shauri litaletwa hapa. Ukuta utasubiri Sikio mpaka chakula cha mchana cha huko kiletwe. Tusipojibu, utachukua sentensi inayofuata kwenye foleni."

"Ambayo ni ipi?"

"*Alifariki kwa amani.*"

"Aambiwe na ukuta."

"Ndiyo."

"Akiwa peke yake, tumbo tupu."

"Chakula kinaletwa, mama. Kigari kinachojiendesha kinaleta sinia mpaka mlangoni."

"Kigari kitamshika akianguka?"

Tumsifu akaikalia meza yangu, kitu ambacho, kwa heshima, hajawahi kukifanya. "Mimi nimezika kwa maneno haya kama wewe. Niambie unachotaka."

"Nataka mtu aende."

"Hakuna kitufe cha mtu aende."

*

Alipiga simu kampuni. Aliweka sauti ya wazi ili nisikie mwenyewe, nisije nikadhani ananificha. Nilimshukuru kwa hilo moyoni, ingawa uso wangu haukuonyesha shukrani yoyote.

Ikapokea sauti ya mwanamke, laini, ya kupendeza. Tumsifu akaeleza kwa Kiingereza chake kizuri. Mzee anapofuka. Sikio limekataa. Tunaomba mtumwe mtu, yeyote, hata mfagizi wa jengo, akae naye dakika chache, ndipo aambiwe.

"Tunaelewa kwa dhati jinsi mnavyojisikia," sauti ikasema.

Nikainua kichwa.

"Mnaweza kutuma mtu?" Tumsifu akauliza tena.

"Hilo ni jambo muhimu sana kwetu. Tutalifikiria kwa makini."

"Lini? Mzee anasubiri sasa hivi."

"Tunaelewa kwa dhati jinsi mnavyojisikia."

"Tumsifu," nikasema, "kata simu."

"Ngoja, mama, labda nikimweleza kuhusu..."

"Kata, mwanangu. Hiyo ni yetu. Ya *kwa dhati* niliipitisha mimi juzi. Ya *kwa makini* ni ya Eliapenda."

"Ilikuwa inapwaya," Eliapenda akasema kutoka kibandani kwake, bila kucheka, "lakini nilikuwa na njaa."

Tumsifu akabaki ameishika simu. Nilimwona masikio yanamwiva. Sijui kama mtu amewahi kuwa na hasira za namna ile, za kupigia ukuta kelele halafu ukasikia mwangwi ni sauti yako mwenyewe uliyoiuza. Mimi nimelea watoto sita na wajukuu, najua kungoja. Nimengoja mvua na matokeo ya mtihani. Nimengoja hata mlevi arudi na akili yake. Lakini siku ile sikuweza kungoja.

"Kuna mlango wa majaribio," nikamwambia.

Akajua ninachosema. Katika meza yake kuna njia ya fundi, inayopeleka sauti moja kwa moja mpaka ukutani, ya kupima kama spika za vyumbani zinafanya kazi. Mtu huhesabu moja mbili tatu, basi. Sikio haliruhusiwi kuigusa. Sikio husikia, halisemi.

"Wakijua watakufukuza."

"Watatufukuza. Wewe pia. Kwa hiyo nakuomba, sikuamuru."

Aliangalia nje kwenye mgomba uliokuwa unadondosha matone dirishani. Alikuwa na mke mjamzito, na hakuna kazi nyingine ya namna ile kutoka Usangi mpaka Mwanga. Nilitaka kumwambia aache, nikaona si haki kumchukulia hata kukataa kwake. Nikamwachia.

"Mzee hataelewa Kiingereza chako, mama," alisema hatimaye. "Unaruka maneno."

"Atanivumilia. Ana subira kuliko wewe."

Akatoa ufunguo mfukoni.

*

Kwanza nilifanya yaliyo halali. Kuna sentensi tuliyoipitisha zamani, ya kumkaribisha jirani, na Mwenzi anaruhusiwa kuitumia akiagizwa na Sikio. Nikaiagiza iende mlango wa chini. *Bwana Hallam angefurahi sana kula na wewe leo.* Sikuwa na hakika kama angefurahi. Lakini yule mama alikuwa amemvalisha soksi, na mtu anayemvalisha mwenzake soksi hatanuna akiitwa mapema.

Tukasikiliza. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila saa ya ukutani ya mzee. Mara mlango.

"Wameniambia unanialika," ilisema sauti ya mwanamke mwenye pumzi fupi. "Umeanza lini kualika watu, wewe mzee wa ajabu?"

"Mimi? Sijaalika mtu. Lakini karibu, karibu. Hiyo ni supu?"

"Ya jana. Usiniulize ina nini."

Tumsifu alikuwa tayari ameugeuza ufunguo na kidole kiko kwenye swichi. Nikamzuia mkono. "Bado. Hajala."

"Mama, chakula cha mchana cha huko kinakaribia."

"Acha ale."

Tukamsikia anakula. Kijiko kilikuwa kinagonga bakuli, kwa kuwa mzee hakioni. Yule mama akamwambia, pale, kulia kwako, aa, kulia kwako kwingine. Akacheka. Eliapenda alikuwa ameacha kibanda chake amesimama nyuma yangu, na wengine nyuma yake, kanga zimefunika midomo.

Kijiko kiliponyamaza nikabonyeza njano. Kisha nikamgusa Tumsifu mkono, naye akafungua.

"Bwana Hallam," nikasema kwa Kiingereza. "Mimi si Mwenzi. Mimi ni mtu. Ni bibi. Naitwa Nakazael."

"Nani huyo?" akasema yule mama Maud.

"Mama Maud, naomba kaa karibu na yeye. Karibu kabisa."

Hakuuliza mara mbili. Mungu ambariki, hakuuliza.

"Bwana Hallam. Judith si mgonjwa. Judith alikufa. Alikufa kabla ya theluji. Pole sana. Pole, baba yangu." Hilo la mwisho lilinitoka kwa Kiswahili, na sikulirudia.

Hakulia. Nilijiandaa kwa kilio, kilio ninakijua. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi, "Kila asubuhi nilimuuliza. Kila asubuhi. Nani aliniambia hajisikii vizuri?"

Ningeweza kusema ni mashine. Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi, jepesi.

"Sisi," nikasema. "Wanawake saba. Tulifikiri kuna mtu anakuja kwako."

"Mlifikiri." Sauti ikapanda. "Nimemwekea kiti! Nimemwambia daktari asubiri, nimekaa hapa kama mjinga naongea na ukuta kuhusu nguo atakayovaa, na nyinyi mlikuwa mnasikiliza?"

"Hatukusikiliza. Tulisikia kipande tu."

"Ondoka chumbani kwangu."

"Ndiyo, baba."

"Ondoka!"

"Ana haki," yule mama akasema, bila kunikemea, kama anayenisaidia kushika mlango. "Nenda, mpenzi. Niko naye. Siendi popote."

Kisha tukamsikia analia, kilio kisicho na Kiingereza ndani yake. Tumsifu akafunga njia.

Mmoja wetu, mama wa Kilomeni ambaye hasemi sana, aliniletea maji kwenye kikombe cha bati. Sikuwa na furaha. Nilikuwa na hasira bado, tena zaidi. Mzee alinifukuza na alikuwa sahihi, na kilichomwokoa hakikutoka kwetu wala kwenye sheria yao, ilikuwa supu ya jana. Je, asingekuwa na jirani?

"Mama," Tumsifu akasema.

Skrini yangu ilikuwa imewaka nyekundu. Nikadhani ni kampuni wamekwisha kujua. Lakini kibanda cha Eliapenda nacho kilikuwa chekundu, na kinachofuata, na vyote, mpaka ukuta wa ghala ukawa na rangi kama ya jioni ya kiangazi. Ilikuwa ile njano yangu. Sentensi imesimama kote, na kote walikuwa wanauliza asubuhi hiyo, kama wanavyouliza kila asubuhi. Mume wangu yuko wapi. Kaka yangu ameshapona. Mwanangu mbona haandiki.

"Ni wangapi?" nikauliza.

"Bado wanaingia."

Nikavaa hedifoni, nikafungua shauri la kwanza. Alikuwa mwanamke, mzee sana, anaulizia pacha wake. Nikasikiliza shauri lake lote, nikitafuta jirani, mfagizi, mleta gazeti, mtu yeyote aliyewahi kubisha hodi. Kulikuwa na saa, na kigari kinachoviringika, na yeye.

"Na wangu ana paka tu," Eliapenda alisema kutoka upande wa pili wa mbao. Sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Dada, chakula cha kwao kinakuja. Hawa wote nani atakaa nao?"

Nilivuta kiti karibu na meza ya Tumsifu.

"Fungua tena," nikamwambia. "Anza na huyu asiye na mtu."

Akafungua.

"Dada yangu," nikasema kwa Kiingereza changu kinachoruka maneno, "mimi ni bibi, niko mbali, lakini nipo. Umekula? Kula kwanza. Nitakaa hapa mpaka umalize."